Banda Lisilopungua Kuku

Safta Dragusin hakuwahi kuomba chumvi kwa jirani. Hata waliomchukia, nao hawakuwa haba, hilo walimkubalia. Katika shamba la kuku la serikali, nje kidogo ya kijiji chao karibu na mto Danubi, banda namba nne lilikuwa mikononi mwake, na banda namba nne halikupungua kuku. Wakaguzi walikuja kutoka mjini na viatu vyao vya kung'aa, wakahesabu, na hesabu ikatimia. Walimvika nishani ya bati na kumpiga picha kando ya mkuu wa shamba, na katika picha ile Safta amesimama wima kama aliyemeza ufito.

Siri ya banda lile kila mfanyakazi aliijua, kwa hiyo haikuwa siri. Kuku walikufa. Walikufa kama kuku wote wa serikali walivyokufa enzi zile: kwa baridi, kwa chakula chenye vumbi kuliko nafaka, kwa kudonoana wao kwa wao. Alfajiri Safta aliingia, akaokota mizoga akaitia guniani, kisha akaenda banda la mitetea nyuma ya kisima akaleta kuku wachanga kufidia waliokufa. Mkaguzi aliona banda limejaa, akatabasamu. Hakujua yupi ni wa jana na yupi ni wa leo, wala hakuuliza. Mitetea yenyewe ilipelekwa kabla ya kukomaa, basi ikafa upesi zaidi, basi ikaletwa mingine michanga kuliko ile. Ikafika siku banda la mitetea likabaki manyoya na mavi tu, na banda namba nne, lililosifiwa majuzi, likateketea lote ndani ya wiki. Mkuu wa shamba alitukana mama za watu. Nishani Safta hakuirudisha.

Mwanawe wa pekee, Tiberiu, aliyeitwa Tibi, alizaliwa mwaka themanini na nane. Serikali ilitaka wanawake wazae, tena wazae wengi, ila watoto watakula nini haikuwa kazi yake. Maziwa dukani yalikuwa hadithi. Mtoto akawa mbavu na macho. Petre, baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma kiwanda cha meli, alikuwa akimwinua kwa mkono mmoja na kusema, "Huyu hata paka akimtaka atasita."

Sasa, kwetu ilikuwepo imani, na hawakuianzisha wajinga. Waganga wa makoti meupe ndio waliotufundisha: mtoto aliyekonda achomwe damu kidogo ya mtu mzima, atanona. Sindano moja ya damu, mashavu yanarudi. Akina mama waliisikia wakaiamini kama wanavyoamini maji ya ubatizo. Lakini damu ilikuwa haba, na kwetu mkono mtupu haufungui mlango wa hospitali. Anayekwenda kwa daktari bila kikapu ni sawa na aliyekwenda arusini bila nguo.

Safta, ambaye hakuwahi kuomba chumvi, alijifunga kitambaa akabeba kikapu mpaka hospitali ya mjini. Wodi ya watoto ilikuwa chini ya sista mmoja mnene wa sauti nyembamba, Eufrosina.

"Sista, huyu wangu mifupa mitupu. Mchome damu kidogo."

"Damu si maji ya kisima, mama. Foleni huioni?"

Safta akafunua kikapu. Bata bukini akatoa shingo akamzomea sista.

"Mh," akasema Eufrosina. "Huyu ana mdomo kama mkwe wangu. Muweke nyuma ya mlango."

Tibi alichomwa damu asubuhi ileile. Kitanda cha pili alikuwapo Georgeta, mwanamke wa kijiji cha jirani, na bintiye Violeta aliyelazwa kwa kifua. Georgeta hakuwa na bata wala yai. Aliangalia yote yale akasema kwa sauti ili asikike, "Wenye bata watazaa majitu, sisi wengine tutazaa viroboto." Safta alishinda siku ile akimtazama mwanawe, amejaa fahari hadi kooni. Hakuona, wala asingeelewa hata kama angeona, kwamba sindano iliyotoka kwa Tibi ilisuuzwa kwa maji moto kidogo ikaingia kwa Violeta.

Mwaka uliofuata serikali ikaanguka. Baada ya hapo wakaja wageni na mashine zao, wakawapima watoto wa wodi zile, ndipo dunia nzima ikajua. Watoto wadogo, hata kunyoa ndevu hawajui, Tibi na Violeta wakiwemo, wana virusi vya UKIMWI, na waliowapa ni wale waliotaka kuwanenepesha. Damu ya nani ilianza, sindano ya nani ilimaliza, hapakupatikana wa kujibu. Petre aliposikia akasema, "Damu hiyo si yangu." Akaenda kwa mama yake kupumzika siku mbili tatu. Mpaka leo anapumzika.

Kijiji nacho kikajifunza njia zake. Kinyozi aligundua kwamba mkasi wake umelegea kila Tibi alipokaa kitini, kwa hiyo Safta alimnyoa mwenyewe kwa mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Kanisani, kwa kuwa watu wote hula komunyo kwa kijiko kimoja, akina mama walimwendea padri kwa adabu sana, wakaomba mtoto yule awe wa mwisho. Padri akakubali, kwa adabu vilevile. Safta akamshika Tibi mkono akamtoa nje mbele ya mkutano wote, hawajagusa kijiko cha kwanza wala cha mwisho. "Mungu anakula na sisi nyumbani," akasema. Nyumbani walikula ugali wa mahindi ya manjano na jibini ya chumvi, na kama Mungu alikuwapo hakusema neno.

Tibi alipofika umri wa kwenda shule, zikaanza safari za mjini kupimwa. Dawa zilikuwa zimeanza kuingia nchini, kidogo, kama mvua ya Agosti. Zikawekwa kanuni: mtoto hupewa dawa pale tu hesabu ya chembe za kinga katika damu yake inaposhuka chini ya mstari. Aliye juu ya mstari angoje. Kila baada ya majira Tibi alitolewa damu, na kila mara jibu likawa lilelile. Hesabu imesimama. Haishuki.

Safta akarudiwa na ule wima wake wa pichani. Kwenye korido, mbele ya akina mama wenye nyuso za majivu, alisema, "Wangu hawapungui."

Georgeta, aliyekaa na Violeta mapajani, akainua macho. "Hongera, shoga. Wewe ulizaliwa hesabu zako zitimie. Tulisikia hata kuku wako walikuwa hawafi."

Wanawake wakacheka. Safta naye alicheka kidogo, maana mtu mwenye habari njema humudu dhihaka.

Aliyemwondolea habari njema ile ni daktari mpya, mwanamke kijana aitwaye Iamandi, mwenye macho mekundu ya kusoma. Alimwita ofisini, akamwacha Tibi nje na mpira wake.

"Mama Safta, hesabu ya Tibi imesimama, kweli. Lakini kusimama huko usikufurahie sana."

"Nisifurahi? Si ndiyo mnayoiangalia?"

"Tunaiangalia kwa sababu ndiyo tunayoweza kuiona. Zamani tulidhani virusi hivi vimelala, vinangoja. Havilali. Huko nje wamewapa wagonjwa dawa kali, wakazuia vile virusi, na chembe za kinga zikaongezeka ghafla kama kisima kilichokuwa kikichotwa bila kupumzika. Ndipo wakajua kilikuwa kinachotwa kwa kasi gani. Kila siku zinakufa nyingi mno, na kila siku mwili unazaa nyingine nyingi mno. Ndiyo maana hesabu imesimama. Hata zile ambazo virusi havijazigusa zinaamshwa, zinakimbizwa vitani, zinakufa kabla ya umri wake."

Mikono ya Safta, ambayo kwa kawaida ilitulia mapajani kama mikono ya mtu aliye kanisani, ikaanza kukunja ncha ya kitambaa.

"Hizo za kujazia zinatoka wapi?"

"Humo humo mwilini. Kwenye uboho wa mifupa, na kwenye tezi moja hapa nyuma ya mfupa wa kifua."

"Na huko kunaisha?"

"Kunachoka."

"Banda namba nne," akasema Safta.

"Nini, mama?"

Akamweleza. Mizoga, gunia, banda la mitetea nyuma ya kisima, wachanga waliotangulizwa kabla ya wakati. "Wakaguzi walikuja miaka yote," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyefungua mlango wa banda la mitetea."

Daktari Iamandi alivua miwani akajisugua macho. "Mkaguzi ni mimi," akasema.

"Basi mpe dawa. Leo."

"Kanuni, mama…"

"Kanuni inangoja banda liishe?"

"Wapo walio chini ya mstari tayari, na kwao pia hazitoshi. Ningeweza ningempa. Anayepanga majina si mimi, ni kamati. Na wewe unajua karatasi za kamati zinapita mkononi mwa nani."

Alijua. Zilipita kwa Eufrosina, ambaye sasa alikuwa sista mkuu, na unene wake ulikuwa umeongezeka pamoja na cheo.

Georgeta alikuwa anamngoja koridoni, na kwa mara ya kwanza alimsemesha bila mwiba. "Safta, njoo hapa pembeni. Mimi nimempelekea yule mama paja zima la nguruwe, la moshi, nililiweka kwa ajili ya Krismasi. Violeta anaanza dawa wiki ijayo."

"Hesabu yake imeshuka?"

"Kwa Eufrosina hesabu hupanda na kushuka kama bei ya mayai. Nenda. Una kuku uani, una bata. Nenda kabla wengine hawajaerevuka."

"Nilishampelekea yule mwanamke bata. Unajua alichonipa."

"Basi unamdai! Nenda kadai!"

"Sitabeba tena kikapu kwenda kwake. Dawa ni ya mwanangu kwa haki yake. Wamemtia wenyewe, wamtoe wenyewe."

"Haki!" Georgeta akapiga mapaja yake. "Wewe umeona haki wapi, kwenye picha yako ya nishani? Mtoto hachomwi kiburi kwa sindano akapona, shoga. Usipobeba kikapu utabeba jeneza."

Safta akamgeukia kwa namna ambayo Georgeta alirudi nyuma hatua. Hawakusemeshana tena kwa miaka.

Alifuata njia aliyoiona ya haki. Alisimama mbele ya kamati, ukumbi wenye mazulia na vigae vilivyopasuka, akawaeleza habari ya banda namba nne jinsi alivyomweleza daktari. Bwana mmoja wa miwani ya dhahabu alitabasamu. "Mama yangu, mtoto si kuku."

"Kweli," akasema Safta. "Kuku wangu niliwajazia."

Wakamwambia arudi hesabu itakaposhuka.

Tibi alikuwa amesikiliza mlangoni siku ile ya daktari. Watoto wagonjwa wana masikio kuliko wazima. Hakuogopa. Alikuwa mtoto wa mpira, na nchi nzima ilikuwa na wazimu wa mpira miaka ile, basi jambo lile akaligeuza mechi. Asubuhi, mdomo umejaa ugali, alikuwa akiuliza, "Mama, leo askari wangu wamekufa wangapi?"

"Wengi."

"Na wamezaliwa?"

"Wengi."

"Basi sare." Anamaliza kula, anatoka kupiga mpira ukutani peke yake, maana wa kuucheza naye hakuwapo.

Wiki ikipita Safta anatazama mashavu yake, anatazama kucha, anatazama ulimi. Akitembea uani bata wanamfuata, naye anawatazama. Kuna jioni alimkamata mmoja, akamfunga miguu, akamweka kikapuni. Akakaa naye jikoni mpaka alipoanza kuzomea. Kisha akamfungua. Watu wa kijiji walisema baadaye kwamba moyo wa mwanamke yule ulikuwa jiwe. Wao hawakuona alivyomfungua, fundo likamshinda akaikata kamba kwa kisu.

Hesabu ikasimama majira yale, ikasimama yaliyofuata. Kisha, majira ya baridi, haikuteremka ngazi kwa ngazi kama mgeni mwenye adabu, iliporomoka. Mdomo wa Tibi ukajaa utando mweupe, akashindwa kumeza hata mchuzi. Kikaingia kifua. Akalazwa wodi ileile. Eufrosina akaja na makaratasi, akamwangalia Safta usoni kana kwamba hawajawahi kuonana, akasema kwa ile sauti yake nyembamba, "Haya mama, furahi, mwanao sasa ametimiza masharti."

Dawa zikaja, na zilifanya kazi yake. Daktari Iamandi alikuja na majibu, akisema virusi vimepungua sana.

"Na chembe?"

"Zimepanda kidogo. Zimeganda hapo."

"Kwa nini hazipandi, na muuaji amefungwa?"

Daktari akamgusa bega. Safta akauondoa ule mkono kwa upole. Hakuhitaji kuambiwa. Aliwahi kusimama katika banda la mitetea akakanyaga manyoya matupu. Ukimkamata mbweha siku ile, utakuwa umemkamata mbweha tu, kuku hawarudi.

"Mama," akanong'ona Tibi kutoka kitandani, "leo sare?"

"Sare, mwanangu."

"Ugenini?"

"Ugenini."

"Sare ya ugenini ni nzuri," akasema Tibi, akafumba macho.

Alizikwa wiki moja kabla ya Pasaka, wakati wanawake wengine walikuwa wakichemsha mayai na kuyapaka rangi nyekundu. Jeneza lilikuwa jepesi, wangeweza kulibeba watu wawili. Walijitokeza wanne, Petre akiwa mmoja wao, amelewa, akilia kwa sauti kubwa ili asikike kwamba analia.

Na bado kibaya zaidi kilikuwa hakijaja. Baada ya muda si mrefu dawa zilifika kwa masanduku. Dawa kali, za kuchanganya, za kila mtoto, aliye juu ya mstari na aliye chini yake, bila bata na bila paja la nguruwe. Wakubwa walitangaza redioni. Safta alikuwa anakanda unga. Alinyoosha mkono wenye unga akaizima redio, akaendelea kukanda, akakanda mpaka ule unga ukawa mgumu haufai tena kwa mkate.

Miaka ikaenda. Shamba la kuku likauzwa kwa watu wa nje, mabanda yakabomolewa. Vijana wakahamia Italia, kuchuma nyanya na kuwaogesha wazee wa watu. Safta akazeeka wima vilevile.

Kiangazi kimoja, adhuhuri, gari lilisimama mbele ya lango lake, akashuka mwanamke kijana aliyevaa suruali nyeupe, miwani ya jua kichwani, ananukia manukato ya dukani.

"Shikamoo shangazi Safta. Hunijui? Violeta, wa Georgeta. Mama amesema nisithubutu kupita bila kukusalimu. Miguu yake imevimba, angekuja mwenyewe." Akanyoosha mfuko wenye kahawa na biskuti.

Safta hakuupokea. Alimtazama kuanzia viatuni. Umri uleule ambao Tibi angekuwa nao. Mashavu, mabega, kifua cha mtu anayepumua bila kufikiri.

"Weka hapo kwenye benchi. Unameza dawa?"

Violeta akacheka. "Ee shangazi, hata salamu hatujamaliza! Nikikumbuka nameza. Namba zangu ziko juu mno, daktari wa kule Italia alishangaa, akasema ningeshindana na mtu mzima wa afya. Kwa hiyo likizo hii nimeamua kuupumzisha mwili. Zinanichefua, halafu na joto hili…"

"Tangu lini hujameza?"

"Tangu nifike. Usinitazame hivyo, shangazi. Namba hazijashuka hata kidogo, zimesimama palepale."

Safta akashika nguzo ya lango. Violeta akanyoosha mkono kumshika, lakini bibi yule akaukwepa.

"Ziko wapi?"

"Nini?"

"Dawa. Ziko wapi?"

"Kwenye mkoba, lakini…"

"Toa."

Aliingia ndani akarudi na kikombe cha maji, cha udongo, kile alichokuwa akinywea mwenyewe.

"Meza nikuone."

"Shangazi na wewe! Mimi si mtoto."

"Najua si mtoto. Meza."

"Mama aliniambia una roho ngumu," akasema Violeta, na macho yakamlengalenga kwa hasira. "Akasema ungekuwa na roho laini kidogo tu…" Akakatiza.

"Alisema kweli. Malizia, siogopi. Lakini kwanza meza."

Jirani mmoja alikuwa amesimama dirishani, pazia limefunuka kidogo. Violeta alimwona, akaona na kile kikombe kinamngoja, na mkono mkavu ulioshika kikombe usiotikisika. Akatoa kidonge. Akakiweka ulimini kwa ghadhabu, akanyakua kikombe, akanywa.

Safta alikazia macho koo lile likipanda na kushuka. Lilikuwa koo zuri, changa, lenye mkufu wa dhahabu. Halikuwa koo alilolitaka.

"Kesho pitia tena," akasema, akachukua kikombe chake.